Kichwa cha Kukaushia Kofia

Bi Mwanamisi wa Majengo, Thika, alikuwa na sufuria tatu, na hakuna hata moja iliyolingana na kichwa cha mwanadamu. Ndogo ilikuwa ya chai. Kubwa ilikuwa ya pilau. Ya katikati ingefaa, lakini ilikuwa na kibonyeo ubavuni tangu siku marehemu mumewe alipoikalia gizani akidhani ni kigoda. Jambo hili lilimkera kwa sababu riziki yake ilitoka kwenye kofia, zile nyeupe za kushonwa kwa mkono zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kofia ya namna hiyo, ikishafuliwa na kuchovywa kwenye wanga, sharti ikaukie juu ya kitu cha mviringo. Ikikaukia kwenye sufuria yenye kibonyeo, mwenye kuivaa huonekana kama mtu aliyepigwa rungu akapona.

Ndiyo maana Gerishon alipokuja kutafuta chumba cha kupanga, mwanzoni mwa mwaka wa 1953, Bi Mwanamisi hakuisoma barua ya tajiri wake wala hakulitazama sanduku lake la bati. Alikitazama kichwa. Kilikuwa cha mviringo kama chungwa, si kikubwa, si kidogo. Akampa chumba cha uani.

Gerishon alikuwa Mkikuyu wa miaka ishirini na minne, muuzaji katika duka la vyuma la Mhindi mmoja pale mjini, kijana mpole aliyezoea kujibu swali baada ya kulifikiria. Baba na mama walikuwa wamekufa zamani. Haukupita mwezi akawa kila jioni anakaa barazani na kofia mbichi kichwani, matone ya wanga yakimtiririka shingoni, huku akisoma Agano Jipya lake la Kikuyu. Mzee Faki, kaka yake Bi Mwanamisi, alikuwa mchinjaji wa sokoni kwa miaka thelathini mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Sasa kazi yake ilikuwa kukaa karibu na Gerishon na kusikiliza kurasa zikifunuliwa.

"Kijana huyu akifa," alipenda kusema, "malaika watagombana mlangoni."

Bi Mwanamisi hakujaliwa mtoto. Mwanzo alimwekea Gerishon ukoko wa wali kwa sababu aliona anaupenda. Halafu akaanza kutolala mpaka amsikie amefunga komeo. Halafu siku moja akamwita mwanangu mbele ya wateja, na wala hakukumbuka kuwa amesema mpaka Faki alipocheka.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, serikali ikimshuku kila Mkikuyu. Baba mdogo wa Gerishon, ndugu pekee aliyembakia, alichukuliwa akapelekwa kambi ya Manyani, kizuizini nyuma ya waya, na Gerishon hakulizungumzia hilo isipokuwa mara moja, alipoomba blanketi kuukuu la kumtumia. Lakini hata katika miaka ya namna hiyo vijana hupenda. Msichana mmoja wa Ruiru, Warigia, alikuja dukani kununua kioo cha taa. Baada ya wiki mbili akarudi, kioo kimevunjika. Kilipovunjika cha tatu ndani ya miezi miwili, Gerishon, ambaye hufikiria kabla ya kujibu, akawa amekwisha kufikiria.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya kazi alipanda basi kwenda Ruiru. Tabu ilikuwa kizuizi cha pale darajani. Basi likisimama, Wakikuyu wote walishushwa wakachuchumaa kando ya barabara, mikono kichwani, mpaka kila karatasi ya kila mtu isomwe na mtu ambaye hakuwa na haraka ya kusoma. Mkuu wa hom-gadi wa pale, yaani wale Wakikuyu waliopewa bunduki na serikali, alikuwa Githinji, mtu wa kijiji kile kile cha akina Warigia. Siku nyingine Gerishon alifika kwao jua likiwa limeshaelemea, akanywa chai akiwa amesimama, akageuka kukimbilia basi la kurudi.

Jumamosi moja Bi Mwanamisi alimbebesha kofia ya mteja aliyeihitaji jioni ile. Gerishon akakaa nayo barazani, akaosha shingo, akavaa koti lake la kijivu, akasikia honi ya basi, akakimbia. Kofia akaisahau kichwani. Pale darajani alishuka pamoja na wenzake, na alikuwa anaanza kuchuchumaa Githinji alipomwambia bila hata kumtazama usoni, "Pita, Mswahili." Akapita. Alifika kwa akina Warigia mapema kuliko siku zote, akashangaa Warigia anacheka mpaka anashika mlango, na alipopeleka mkono kichwani ndipo alipoelewa.

Usiku alipowasimulia, Faki alicheka akakohoa. Bi Mwanamisi naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama kijana aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akila ukoko wake.

Jumamosi iliyofuata Gerishon alisimama mlangoni akiangalia miguu yake, akauliza kama kuna kofia inayohitaji kukaushwa. Haikuwepo. Bi Mwanamisi akafungua sanduku, akatoa ile nzuri kuliko zote, ambayo alikuwa ameishona polepole kwa mwaka mzima bila kumjua mwenyewe, akamvika. Ilikuwa kavu kabisa.

Ilimpendeza, hilo halikuwa na ubishi. Pamoja na koti la kijivu alionekana kama picha ya studio. Vijana wenzake wakaiona. Wakaja Majengo mmoja mmoja, Bedan yule wa karakana, Mwanzia Mkamba wa stesheni, wengine hata hakuwajua, wakitaka kofia kama ya Gerishon. Mmoja aliitaka kwa sababu ya harusi ya rafiki, mwingine kwa sababu ya wasichana, na wengine hawakusema sababu, na Bi Mwanamisi hakuuliza. Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa hayo hayo. Katika duka la vifungo na riboni misalaba midogo ya bati ilining'inizwa kwenye kadi kama hereni, na ilinunuliwa. Hom-gadi waliichomeka kwenye makoti ili ijulikane kwamba hawakula kiapo cha waasi wa msituni. Watu waliowaogopa hom-gadi nao wakaichomeka. Mwaka huo dini ilivaliwa kama koti la mvua. Kila mtu alitaka asomwe kifuani au kichwani kabla hajasomwa kwenye karatasi.

Kazi ya Bi Mwanamisi ilistawi, na moyo wake haukutulia. Tundu la kwanza la kila kofia alilishona kwa Bismillahi, na sasa hakujua Bismillahi hiyo inakwenda kukaa juu ya nini. Kuhusu Gerishon alikuwa na siri. Hakuiambia hata sijda yake kwa sauti. Alijua wanga huanza kwa kulowesha uzi tu, halafu kidogo kidogo kofia nzima husimama yenyewe. Alikuwa akingoja. Alifikiri labda siku moja kijana ataamka na kofia imeingia ndani.

Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo likaja neno kutoka Ruiru kwamba mzee Bedan, baba yake Warigia, yuko tayari kusikiliza posa. Huyu Bedan, ambaye si yule wa karakana, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu wa maneno machache, na mkewe alikuwa amekufa wakati serikali ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya kijijini. Gerishon hakuwa na wa kumsemea. Alimkuta Bi Mwanamisi akishona, akakaa chini, akakaa sana, mwishowe akamwomba yeye na Mjomba Faki waende kama wazazi wake. Bi Mwanamisi alijibu kwamba kofia aliyoishika ina uzi mbaya, akainama akauangalia ule uzi kwa muda mrefu.

Walikwenda Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno, yeye na buibui lake jipya, Faki na kanzu na fimbo, Gerishon na koti na kofia. Walibeba blanketi, sukari na majani ya chai. Njiani walikubaliana juu ya chakula. Watapewa mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, na chai, watakula mukimo na chai. Na nyama ikiletwa watasema kwa adabu kwamba wameshiba. Faki alikujua Ukikuyuni kwa miaka arobaini na lugha yenyewe akiisema vizuri, akasema hakuna neno. Pale darajani Githinji hakuwepo. Hom-gadi aliyekuwa zamu akawapungia mkono wapite wote watatu.

Hakuwepo kwa sababu alikuwa kwa Bedan. Bila ruhusa yake watu hawakukusanyika katika kijiji kile, na mtu anayekupa ruhusa ya karamu huwezi kumnyima kigoda. Alikuwa amekaa mahali pazuri, bunduki imeegemezwa ukutani, msalaba wa bati unang'aa kwenye mfuko wa koti.

Salamu zilikwenda vizuri. Faki alizungumza Kikuyu chenye mafumbo mpaka wazee wa kule wakawa wanatazamana kwa furaha. Alisema wameona mbuzi jike mzuri akichungulia kwenye ua huu, na kwamba kwa kuwa yeye ni kipofu ameambiwa tu, lakini aliyemwambia haachi kusema. Warigia, aliyekuwa jikoni, alisikika akiangusha kifuniko. Bi Mwanamisi alikuwa akimwangalia Bedan. Mzee yule alikuwa na macho mekundu, ya mtu asiyelala. Kila mara macho hayo yalirudi kwenye kofia ya Gerishon yakaondoka haraka, kama mkono uliogusa chungu cha moto, na Bi Mwanamisi akatambua kwamba huyu mzee anaiamini kofia ile. Warigia aliijua kweli, lakini kijijini mle hapakuwa na ukuta wa kuficha neno kama lile, hata kwa baba. Angelisema, lingefika kwa Githinji, na Gerishon angemfuata baba yake mdogo. Kwa hiyo msichana alinyamaza, na baba akabaki akiamini kwamba kijana amesilimu na kwamba anamwoza bintiye kwa Mwislamu.

Kisha Bedan akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akivuta kwa kamba kondoo dume mnene, aliyelishwa ndani kwa majani ya viazi vitamu mpaka tumbo likawa linagusa miguu.

"Mama Gerishon," alisema, "sisi tunajua nyinyi watu ya Islamu hamuli nyama ya kuchinjwa na mtu yeyote tu. Sikutaka mkae kwangu mkiangalia wengine wakila. Kwa hiyo huyu tumewangojea. Yuko hai. Mmoja wenu achinje kwa njia yenu, tule sahani moja."

Akampa Gerishon kisu.

Bi Mwanamisi alikitazama kile kisu. Huyu mzee aliyekosa usingizi kwa ajili ya kofia ile ndiye aliyemlea kondoo wake ili Waislamu wale kwa raha. Heshima kubwa namna ile haikuwa na mahali pa kupitia. Gerishon akichinja, yeye na Faki hawawezi kuitia nyama ile mdomoni, na kuikataa mbele ya watu baada ya wema ule ni kuivunja posa. Wakiila ili kumlinda, wanakula kibudu kwa macho makavu. Na Gerishon akikikataa kisu, Githinji amekaa pale, hatua nne tu, amekunja mguu.

Githinji mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu. "Chinja, Mswahili," akasema. "Mimi njaa inauma."

Wazo lilimjia Bi Mwanamisi, na kwa maisha yake yote hakulisahau wala hakujivunia. Yalikuwa ni maneno machache tu. Angeweza kumnong'oneza kijana sasa hivi, shahada, halafu Bismillahi, naye angeyasema kwa ajili yake; na kofia ingekuwa ya kweli, na nyama halali, na Githinji asingekuwa na la kusema, na yeye angepata kile alichokuwa akikingojea miezi saba. Alifungua mdomo. Akamwona Gerishon anamtazama, ameshika kisu kwa namna anavyoshika msumari anaompimia mteja, kwa uangalifu, na jasho likimtoka chini ya ukingo wa kofia. Aliona kwamba angemwambia, angetii. Akafunga mdomo.

Gerishon akafikiri, kama desturi yake. Kisha akainama, akakiweka kisu chini juu ya jani la mgomba, akavua kofia, akaikunja mara mbili.

"Baba," alimwambia Bedan, "mimi siwezi. Nikimchinja mimi, mama hatakula, na akila nitakuwa nimemlisha haramu. Mimi ni Mkristo vilevile kama nilivyobatizwa. Hii kofia nilivaa nipite darajani."

Kondoo akasikika akitafuna. Warigia alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

Githinji alisimama polepole. Kilichomchoma zaidi, ilikuwa wazi, ni kwamba wale wazee wawili waliokaa karibu naye walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Alisema kumbe miezi saba. Alisema ni yeye, kwa mdomo wake, aliyekuwa akimwambia huyu mtu apite. Akanyoosha mkono kuchukua bunduki, akasema huyu ni wa kwenda kuchujwa kambini leo leo, ahojiwe kama amekula kiapo, na kila mtu pale alimjua mtu aliyekwenda kuchujwa na mahali pake pa kulala bado patupu.

"Githinji, kaa chini," alisema Bedan.

"Mzee, hii ni kazi ya serikali."

"Nimesikia. Na huo msalaba ulichukua wapi?"

Githinji akautazama mfuko wake kama aliyesahau kuwa una kitu. Akajibu Thika, kwa nini.

"Mimi nasimama mlangoni mwa kanisa kila Jumapili," Bedan alisema bila kupaza sauti. "Nakujua tangu ulipobatizwa. Na tangu siku hiyo sijakuona tena. Lakini sikukwambia uvue. Nilisema moyoni, mwacheni avae, pengine siku moja atakuja aingie ndani yake. Wewe nimekungojea miaka. Na huyu mngojee."

Bi Mwanamisi aliinamisha kichwa. Lile lilikuwa neno lake mwenyewe, ile siri yake ambayo hakumwambia mtu, na hapa lilikuwa limetoka katika kinywa cha mzee wa kanisa wa Ruiru, juu ya mtu mwenye bunduki. Akaona aibu, kisha aibu ikamwondoka, akabaki akimpenda yule mzee.

Githinji alibaki amesimama. Alikuwa amekulia kwenye ua wa zamani wa Bedan, kabla watu hawajahamishwa, na marehemu mke wa Bedan alimlisha huko. Akamtazama kondoo, akawatazama wazee, akamgeukia Gerishon. Alisema kwamba jioni hii, darajani, atamwona kichwa wazi, amechuchumaa kama wenzake, na kila Jumamosi hivyo hivyo. Na siku atakayoiona ile kofia tena pale, asije mtu akamzungumzia habari za kanisa. Gerishon akasema, "Ndiyo." Githinji akaketi. Bunduki ikarudi ukutani.

Bedan naye akaketi, ghafla, kama mtu aliyeshushwa mzigo na kutwishwa mwingine. "Nimemwomba Mungu wiki tatu usiwe Mwislamu," alimwambia Gerishon. "Nikasahau kumwomba usiwe mwongo."

Hapo ndipo Faki alipogonga fimbo yake chini. Alisema wamsamehe, yeye haoni, kwa hiyo labda amekosea. Lakini anasikia mchinjaji anatafutwa uani hapa kwa kilio, na mchinjaji wa miaka thelathini amekaa kwenye kigoda anapigwa na jua.

"Wewe kipofu, kaka," Bi Mwanamisi alisema.

"Mkono haujapofuka. Wewe una macho mawili na hujui la kuyafanyia. Niazime."

Basi ikawa hivyo. Gerishon alishika miguu ya mbele. Ya nyuma ilihitaji mtu mwenye nguvu, na baada ya kutazamana kidogo Githinji alivua koti lake, msalaba na yote, akalitundika kwenye ua, akaja akaishika. Bi Mwanamisi alimgeuza kondoo uso kaskazini, kwenye kibla, akapiga magoti na buibui lake jipya kwenye vumbi, akashika kiganja cha kaka yake, akakiongoza shingoni mpaka mahali penyewe. Vidole vya Faki vilipapasa kidogo, vikajua. Akalitaja jina la Mungu kwa sauti ile ya sokoni ambayo dada yake hakuwa ameisikia kwa miaka sita, na kisu kikapita mara moja, safi, kama zamani.

Walikula sahani moja. Bedan alimmegea Bi Mwanamisi kwa mkono wake. Mzee alitafuna taratibu, na Gerishon hakuweza kula, na Warigia hakuweza hata kujisingizia kuwa ana kazi jikoni, alisimama tu. Mwishowe mzee akafuta vidole.

"Kisu nilikupa mimi mwenyewe," alimwambia Gerishon. "Ungekitumia, mimi ningejuaje? Na huyu," akaelekeza kidevu kwa Githinji, "angejuaje? Ni huyu mama peke yake angejua, na angenyamaza kwa ajili yako. Nimemtazama, angenyamaza. Ukakataa kumlisha haramu mama ambaye hakukuzaa, kwa kipande cha nyama tu." Akavuta pumzi. "Huyu msichana wangu nitampa mtu wa namna hiyo. Lakini mahari nitaiongeza kidogo, kwa sababu ya zile siku nilizokosa usingizi."

Faki alisema hiyo ni haki, na kwamba wataanza kubishana wiki ijayo.

Jua lilikuwa limeelekea kuzama walipofika darajani. Basi lilisimama. Githinji alikuwa amewatangulia kwa baiskeli, amevaa koti lake, yuko kazini, na uso wake ulikuwa wa kazini pia. Wakikuyu wakashuka. Gerishon alimkabidhi Bi Mwanamisi kofia, naye akaitia ndani ya kikapu, chini ya nyama waliyofungiwa kwenye jani la mgomba na Warigia kwa ajili ya njia. Kisha kijana akaenda mwisho wa mstari, akachuchumaa, akaweka mikono juu ya kichwa kitupu. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akasogea kumpa nafasi.

Bi Mwanamisi alikuwa bado mlangoni mwa basi. Utingo akamwambia, mama, kaa ndani, nyinyi hamuhusiki. Alimshukuru, akamshika kaka yake mkono, wakashuka ngazi moja moja, wakaenda hadi mwisho wa mstari. Magoti yake hayakuwa ya kuchuchumaa tena, kwa hiyo akatandaza pindo la buibui akaketi kabisa chini, kando ya Gerishon. Faki akaketi upande wa pili.

Githinji akaja. Alisimama mbele yao.

"Mama, hapa si pako. Waswahili wanapita."

"Najua, baba," alisema Bi Mwanamisi. "Lakini mwanangu yuko hapa."

Githinji aliangalia daraja, akaangalia mto. Akarudi mwanzo wa mstari, na watu waliokuwa karibu naye waliona kwamba siku ile alisoma karatasi haraka kuliko kawaida yake.

"Tuko wa ngapi?" aliuliza Faki.

"Wa kumi na tano."

"Basi fungua ile nyama."

Akaifungua. Alimpa kaka yake, akampa mwanamke wa mbele, aliyeipokea kwa midomo kwa kuwa mikono ilikuwa kichwani. Kisha akakata kipande chenye mafuta, akakipuliza ingawa kilikuwa kimeshapoa, akakipeleka kwenye mdomo wa Gerishon, aliyekuwa hajala kitu tangu asubuhi. Alitafuna macho yakiwa chini.

"Mama," alisema baada ya kumeza, "kesho kuna kofia za kukausha?"

"Ziko nne," Bi Mwanamisi alisema, na akamkatia kipande kingine.